Hapa Hakuna Mwenye Baba

Foleni ya bomba ilikuwa imesimama kwa sababu ya kinyesi cha mtoto. Chumvi alikuwa amechuchumaa mbele ya karai, mikono ya shati imekunjwa hadi mabegani, anasugua nguo zote alizokuwa nazo mwanawe, na maji yaliyomwagika karaini yalikwenda ya njano yakipita katikati ya ndoo za watu. Mtoto mwenyewe, msichana ambaye hata mwaka alikuwa hajautimiza, alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kwa shuka la kitanda. Kila tumbo lake liliponguruma, Chumvi alihisi joto likimteremkia kiunoni.

"Jamani, leo tunachota maji au tunachota mavi?" aliuliza mwanamume mmoja kutoka mwisho wa foleni.

"Mwache mzazi," mwanamke mmoja akamjibu. "Ndiyo kwanza ametoka kujifungua."

Ua mzima ukacheka. Chumvi naye akacheka, maana ukichekwa na nyumba nzima ni heri ucheke nao. Lakini hakuinua uso. Alizidi kusugua, na povu likazidi kuwa la njano.

Mama Cherehani, mpangaji wa chumba cha mbele aliyeshona nguo za watu barazani, aliweka ndoo yake chini akamsukuma kwa goti.

"Hebu toka. Unasugua kama unamchuna ng'ombe. Kwanza unakwenda kumwaga uchafu chooni, halafu ndiyo unafua. Nani kakufundisha kuleta mzigo wote bombani?"

"Hakuna aliyenifundisha."

"Inaonekana. Anaharisha tangu lini?"

"Jana. Nilimpa maziwa."

"Ya lini?"

Chumvi akafikiri. "Ya juzi."

Mama Cherehani akafumba macho kidogo kama mtu aliyepigwa na moshi. "Kachemshe maji. Tia sukari, tia chumvi kidogo, umnyweshe kwa kijiko, asubuhi na jioni na kila akiharisha. Unasikia?"

"Chumvi ninayo."

"Najua unayo. Hiyo ya kwenye ngozi usimpe mtoto, utamwua."

Hapo hata aliyekuwa amenuna kwenye foleni alicheka.

Jina la Chumvi lilitoka kazini. Alikuwa kibarua wa ghala la ngozi. Mikokoteni ilileta ngozi kutoka machinjioni zikiwa bado na joto la mnyama, zimegandwa na damu na samadi, na yeye na wenzake walizitandaza sakafuni, wakazikwangua mafuta na vipande vya nyama, wakazimwagia chumvi kwa sepetu, wakazipanga moja juu ya nyingine. Ngozi iliyochelewa kutiwa chumvi iliota funza. Kibarua aliyechelewesha ngozi alifukuzwa. Chumvi ile iliingia kwenye nyufa za viganja ikakaa humo, na harufu ikaingia kwenye nywele, kwenye godoro, kwenye mkate. Mwenyewe alikuwa ameacha kuisikia zamani.

Mama wa mtoto hakuacha kuisikia. Mwanzo alisema amezoea. Baadaye akaanza kulala ameuelekea ukuta, leso puani. Siku moja alimwachia Chumvi mtoto, akasema anakwenda mara moja kuonana na wakala wa kazi. Baada ya wiki alipiga simu kutoka nchi ya mbali, akasema amepata kazi ya ndani kwa watu, atatuma chochote akitulia. Kisha namba ikawa haipatikani. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Chumvi hakuwa amewahi kununua hata chupa ya maziwa maishani mwake, na siku alipokwenda kuinunua dukani aliomba "ile ya kunyonyea," akashindwa kumalizia, akaonyesha kwa kidole.

Alijifunza kama mtu anavyojifunza kuogelea kwa kutupwa mtoni. Alijifunza kwamba mtoto akikohoa si lazima afe. Alijifunza kutafuna ncha za kucha za mtoto badala ya kuzikata kwa wembe. Viganja vyake vilikuwa vikali kama msasa, na kila akimwogesha mtoto alilia, kwa hiyo akajifunza kumwogesha kwa kitambaa laini alichopewa na Mama Cherehani, mkono wake mwenyewe usimguse. Alimpeleka ghalani ndani ya kreti la soda, akaliweka juu ya magunia ya chumvi mbali na inzi, mpaka nyapara alipoliona.

"Hiki ni nini?"

"Mtoto wangu, bosi."

"Hapa tunapokea ngozi. Ngozi ambayo mwenyewe bado yumo ndani hatuipokei." Nyapara akajichekea kwa utani wake. "Kesho nisimwone."

Basi Mama Cherehani akawa anabaki naye mchana, mtoto akicheza na vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Alikua mtoto mnene wa mashavu, mwenye kitumbo kilichotangulia mbele kila alipotembea, na wapangaji wakamwita Kitumbo. Alisema sana. Aliwauliza watu kwenye foleni ya choo wanakwenda kufanya nini humo ndani, na akajibiwa. Jioni Chumvi aliporudi, Kitumbo alisimama mbali akaziba pua kwa vidole viwili na kupiga kelele, "Baba, kaoge kwanza!" Wale wale waliomcheka bombani sasa walimwekea maji. Hakuna aliyekubali kuonekana akifanya hivyo, lakini ndoo ilikuwepo.

Mtoto alikuwa anaelekea miaka minne bibi yake alipokuja.

Ilikuwa siku ya mapumziko. Chumvi alikuwa ameketi kizingitini, Kitumbo katikati ya magoti yake, anamsuka mafundo ambayo Mama Cherehani aliyaita kamba za kufungia mbuzi. Bibi, mzaa mama, aliingia uani akichechemea, miguu imevimba. Hakuwa amemwona mjukuu huyo tangu alipozaliwa. Nyuma yake alikuja mwanamume aliyevaa suti ya rangi ya majivu, anayenukia manukato matamu mazito, akikanyaga kwa ncha za viatu kukwepa maji machafu. Huyo alijitambulisha kuwa afisa wa ustawi wa jamii.

Chumvi alisimama akamwamkia mkwewe kwa heshima, akawakaribisha ndani. Bibi alikaa kitandani. Afisa hakukaa. Alitoa leso, akaiweka puani, akaanza kuzunguka kile chumba ambacho mtu hawezi kukizunguka.

"Mtoto analala wapi?"

"Hapo."

"Na wewe?"

"Hapo hapo. Mimi ukutani, yeye huku, asije akagusa ukuta wa baridi."

Afisa alimtazama bibi, kisha akatoa kalamu mfukoni, akaigusisha kwenye tumbo la mtoto kama mtu anayepima ulaini wa mkate. "Na hili?"

"Ametoka kula sasa hivi."

"Utapiamlo," afisa akamwambia bibi kwa upole, kama anayempa pole.

"Bwana, mtoto ameshiba. Sufuria hiyo hapo, hata haijaoshwa."

"Tumbo la shibe na tumbo la njaa sisi tumesomea kuyatofautisha."

Bibi alikuwa akitazama sakafu. "Mimi sisemi humpendi, baba," alisema. "Lakini mwanamume halei. Tena mtoto wa kike. Umeona wapi jogoo akaatamia mayai?"

"Na kuku aliyeyaacha mayai akaenda zake, huyo mnamwitaje?" Sauti ya Mama Cherehani ilitoka mlangoni. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni.

"Huyu ni nani?" afisa akauliza.

"Jirani," Chumvi akajibu.

"Jirani si mzazi. Atupishe."

Walipotoka, afisa alimvuta Chumvi kando ya ukuta wa choo, akaongea taratibu nyuma ya leso. "Mzee, mambo haya yanazungumzika. Bibi ni mgonjwa, hana haraka. Njoo ofisini tuyamalize kikubwa. Lakini ujue, mkono mtupu haulambwi."

Chumvi aliitazama mikono yake. Alidhani anasemwa harufu.

Kwa hiyo siku ya kwenda ofisini alijisugua kwa ndimu na jivu tangu alfajiri, mpaka nyufa za viganja zikatoa damu. Alivaa shati alilopigiwa pasi na Mama Cherehani. Alikaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi, akiwaona waliokuja nyuma yake wakiingia na vifurushi na kutoka bila vifurushi. Mchana ulikuwa umekwisha nusu alipoitwa.

Afisa alikuwa akimenya yai la kuchemsha juu ya gazeti. Alilitia lote mdomoni, akamwonyesha kiti kwa kidole chenye maganda.

"Ehe. Umekuja na nini?"

"Nimekuja mwenyewe, mzee. Nimeosha na mikono."

Afisa aliacha kutafuna. Alimtazama muda mrefu, kisha akaanza kucheka, na kiini cha yai kikamtoka pembeni mwa mdomo. Alikifuta kwa leso ile ile. "Umeosha mikono. Haya. Nimefurahi." Akachukua yai la pili, akaligonga mezani. "Sikiliza, ndugu yangu. Mimi nataka kukusaidia, hutaki kusaidika. Nikisimama mbele ya hakimu nitasema nini? Kwamba kuna mwanamume mzima, hana mke, analala kitanda kimoja na mtoto wa kike? Chumba kimoja, mlango umefungwa? Mimi nakuamini. Lakini watu watafikiri nini?"

Chumvi hakuelewa. Halafu akaelewa. Ilimjia polepole, kama uvundo unavyotoka chini ya rundo la ngozi unapofunua ya juu. Alimwona afisa akilimenya yai, vidole vyeupe kwa unga wa maganda, na ule mdomo uliokuwa umetoka kusema vile ukifunguka kulipokea.

"Unasemaje?"

"Sijasema kitu. Nimesema watu."

"Yule ni mwanangu."

"Ndiyo maana nakwambia rudi nyumbani, ujipange, uje tena umejipanga. Umenielewa sasa?"

Chumvi alitoka mbio. Mwaka hadi mwaka alikuwa amefunua ngozi zilizojaa funza akala chakula chake cha mchana akiwa ameketi kando yake. Hakuwahi kutapika. Alitapika pale, nje ya mlango wa ofisi ya ustawi, juu ya maua yaliyopandwa kwenye matairi yaliyopakwa chokaa, akatapika mpaka hakubaki na kitu, na mfagizi akaja na ufagio kumfokea kwamba hapo ni ofisini, si kilabuni.

Jioni ile alimwambia Mama Cherehani yote isipokuwa lile moja. Lile hakuweza kulitamka. Usiku alitandika gunia sakafuni akalala huko. Kitumbo aliinua kichwa kitandani.

"Baba, umeanguka?"

"Hapana. Lala."

"Njoo basi."

"Kuna joto huko juu. Lala."

Mama Cherehani alikuwa amemfafanulia maana ya mkono mtupu. Walichanga. Yule wa mwisho wa foleni ya bomba alitoa, na yule aliyesema mwache mzazi alitoa. Chumvi alipeleka ofisini walichopata. Afisa alikipokea bila kukitazama, akasema kimechelewa, kesi imekwisha fika mahakamani, lakini hakukirudisha.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, mwenye mafua au aliyejifanya ana mafua, maana tangu Chumvi aingie hakutoa kitambaa puani. Feni ilielekezwa upande wake.

"Mke wako yuko wapi?"

"Nje ya nchi, mheshimiwa. Alituacha."

"Kwa hiyo huna mke."

"Sina."

"Kazi?"

"Ghala la ngozi."

"Ndiyo," hakimu akasema, kama aliyepata jibu la swali lingine. "Mtoto analala wapi?"

Chumvi alifungua mdomo. Alimwona afisa kwenye benchi la pembeni, mguu juu ya mguu, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu kama mtu anayesubiri sala ianze.

"Kitandani, mheshimiwa. Mimi nalala chini."

"Tangu lini?"

Chumvi aliitazama mikono yake.

"Nimekuuliza, tangu lini unalala chini?"

"Hivi karibuni."

"Kwa nini hivi karibuni?"

Hakuwa na jibu ambalo lingeweza kusemwa mbele za watu. Hakimu aliuchukua ukimya ule akautazama, na ukumbi mzima ukautazama pamoja naye. Mama Cherehani alisimama akasema yeye ni shahidi, amemwona mtu huyu akilea tangu mtoto hajaota meno, akaambiwa akae. Akasema hakai. Akatolewa na askari, utepe wake wa kupimia ukiburuzika sakafuni.

Mtoto alipewa bibi. Baba aliruhusiwa kumtembelea.

Kitumbo hakulia. Aliambiwa anakwenda kwa bibi, na kwenda mahali popote kwake ilikuwa sherehe. Alivaa gauni jipya alilokuwa ameshonewa usiku uliotangulia, la vipande vya nguo za wateja, kila kipande rangi yake. Alishika mkono wa bibi, akafika kwenye pembe ya jengo la mahakama, akageuka.

"Baba! Usile chakula changu!"

"Sili," Chumvi akasema.

Siku ya kwanza ya kutembelea aliyoweza kuipata kazini, alikwenda kwa bibi na viatu vya mtoto. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili iliyojaa wajukuu wengine, wa watoto wengine waliokwenda au kufa. Aliwatazama mmoja mmoja. Bibi alikuwa amekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

"Yuko wapi?"

Bibi aliinamia beseni.

"Mama, mwanangu yuko wapi?"

"Yuko pazuri. Kuna kituo. Yule afisa alikuja na gari, akasema huko wanakula nyama, wanasoma, wanalala kila mtu kitanda chake." Alikoroga maji kwa mguu. "Akasema nikikubali, na hawa nao atanisaidia. Nikaona mimi nife leo au kesho, nani atamlea? Wewe si walishakunyang'anya."

"Walininyang'anya wakakupa wewe."

"Ndivyo walivyosema," bibi akasema. "Walisema lazima apitie kwangu kwanza. Wewe usingekubali." Halafu akaanza kulia, kwa sauti ndogo ya kukereka, akikanda magoti yake. "Amenisaidia na nini? Magunia mawili ya unga, moja lina wadudu."

Chumvi aliviacha viatu pale barazani, akaenda kukitafuta kituo.

Kituo kilikuwa nyuma ya ukuta mrefu uliochorwa watoto wanaocheka. Mlinzi alimwuliza anamtaka nani. Akasema anamtaka mwanawe. Mlinzi akamwambia kwa ustaarabu kabisa kwamba amepotea njia.

"Hapa hakuna mwenye baba. Wote yatima. Ndiyo masharti."

"Wangu si yatima. Mimi si huyu hapa?"

"Mzee, mimi nalinda geti tu."

Alikaa nje ya lango. Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, mpaka ghalani wakampa mtu mwingine sepetu lake. Alipandisha sauti mara moja tu, na hapo ndipo Mlezi Mkuu alipotoka. Alikuwa mwanamke mpana mwenye uso mzuri, vitenge vimepigwa pasi, na alinukia manukato mazito, matamu. Chumvi aliyatambua kabla hajautambua uso. Pua ilikuwa ile ile ya afisa, na macho yale yale. Dada yake wa tumbo moja.

"Baba yangu," Mlezi Mkuu akaanza, mkono kifuani, "unaniumiza moyo. Kila siku uko hapa kwenye jua. Wewe unataka nini?"

"Mwanangu."

"Mwanao yupo, ana afya. Lakini nikuambie ukweli kama dada. Watu wanaotulisha hapa wanatoa kwa ajili ya yatima. Yatima, unanielewa? Mtoto wako ukimtia doa, hatakuwa na pa kukaa. Kuna kituo kingine cha wenzetu, mbali sana, huko hata mimi sijui njia yake. Ukiendelea na fujo nitalazimika kumhamishia kule. Sitaki. Nakuomba."

Upepo uligeuka, ukaleta uvundo kutoka ndani. Mlezi Mkuu akakunja uso. Nyuma yake alikuja mtumishi akikimbia, akamnong'oneza kwamba choo cha watoto kimejaa mpaka sakafuni, mafundi wote wawili wamekiangalia wakakimbia, na wageni wanakuja kesho kutwa.

Mlezi Mkuu alimwangalia mtumishi, kisha akamwangalia Chumvi, viatu vyake, viganja vyake. Uso wake ukalainika.

"Wewe," akasema, "kazi hiyo haikushindi, naona."

Chumvi alilitazama lango lililoachwa wazi.

"Vyoo vyetu ni vibovu, vinaziba kila wiki. Ningepata mtu wa kudumu ningeshukuru. Mtu wa kudumu anaingia ndani. Anaona watoto." Alitazama nyuma, akashusha sauti. "Lakini anaingia kama fundi. Siku mtoto yeyote akijua ana baba humu ndani, kesho yake humwoni. Utapewa chakula cha mchana."

Alipewa buti moja zima na moja lililotoboka.

Siku ya wageni Chumvi alianza kazi mapema. Vyoo vilikuwa kwenye uwanja wa ndani, bila milango, na kutoka pale alipopiga magoti aliona ukumbi wote. Aliwaona watumishi wakipita na funguo, wakiwavua watoto sare za bluu, wakizikunja na kuzifungia stoo. Kisha lililetwa gunia likamwagwa sakafuni. Zilikuwa nguo zilizochanika. Fulana zenye matundu, kaptula zisizo na vifungo, gauni lililounguzwa na pasi. Kila mtoto alichukua yake bila kuuliza. Wakubwa waliwavisha wadogo. Mtumishi mmoja alipita nyuma na kopo la majivu, akiwapaka magotini na kwenye mashavu, haraka haraka, kama mtu anayetia chumvi kwenye ngozi.

Kitumbo alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Alikuwa amekonda. Kile kitumbo hakikuwepo tena. Alipopakwa majivu alifumba macho na kunyoosha shingo bila kuambiwa.

Wageni waliingia na kamera na maboksi ya biskuti. Watoto waliimba kwamba hawana mama, hawana baba, wana ninyi tu. Waliimba vizuri. Mlezi Mkuu aliwaongoza wageni kwenye jiko, kwenye bweni, akaeleza matatizo ya maji, na wote wakaanza kukaribia upande wa vyoo, watoto wakiwafuata mistari miwili. Chumvi aliinamisha kichwa, akauingiza mkono wote kwenye shimo, shavu likagusa sinki, akaanza kuvuta matambara yaliyoziba. Alitazama tope. Alijiambia asitazame kingine.

"Baba!"

Mistari ikasimama. Kitumbo alikuwa ametoka kwenye mstari, amesimama hatua chache kutoka kwake, macho yote meupe katika yale majivu. Alikuwa ameinua vidole viwili kuelekea puani, kisha akavishusha.

"Baba?"

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye kofia, aliinua kamera. "Anasema nini?"

"Maskini hawa," Mlezi Mkuu akasema, na sauti yake ikatetemeka kama inavyotakiwa. "Wakimwona mwanamume yeyote, hata mzibua choo, wanamwita baba. Ndicho wanachokosa."

Mwanamke mwenye kofia akafuta machozi. Mlezi Mkuu alimwekea mkono begani, na juu ya bega lile akamtazama Chumvi.

Kitumbo alikuwa bado anangoja. Chumvi aliona atakavyokimbia, aliona mguu wake ukiinuka. Akatoa mkono shimoni, mchafu hadi kwapani, akaunyoosha mbele kumzuia asimsogelee.

"Mimi siyo baba, mama. Mimi fundi wa choo. Rudi kwenye mstari."

Mtoto alimtazama. Alimtazama Mlezi Mkuu. Kitu fulani kwenye uso wake kikafanya hesabu, kama anavyofanya mtu mzima anapoambiwa bei. Kisha akaweka mikono yote miwili kichwani, akapiga goti kidogo, kama walivyofundishwa kuwasalimia wageni.

"Shikamoo, fundi."

Kamera ikalia.

"Marahaba," Chumvi akasema, akaurudisha mkono shimoni.